Viganja vya Mnyonya Damu

Picha ilipoharibika mara ya nne, hata fundi wa taa, mtu ambaye kwa wiki tatu hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, aliangua kicheko. Mzee Tamekichi alikuwa amepiga magoti mkekani, uso umepakwa rangi ya majivu, meno marefu yamemjaa mdomoni. Mbele yake alilala Bi Shizue, ukosi wa kimono umeteremshwa, shingo iko wazi inasubiri kung'atwa. Alichotakiwa kufanya ni kuinama, kung'ata na kunywa. Badala yake mikono yake ikapanda yenyewe hadi kifuani, viganja vikakutana, kichwa kikainama kidogo, sawasawa na Mjapani yeyote aliyelelewa akaleleka anapowekewa bakuli la wali.

"Kata!" akapaza sauti dairekta Manami. Alivua kofia yake ya sufu akaikamua kana kwamba imelowa. "Mzee wangu jamani! Mumiani gani huyu anayeshukuru kabla ya kula?"

"Mumiani mwenye adabu," Bi Shizue akajibu kutoka pale chini, macho bado ameyafumba. "Angalau kuna mmoja humu ndani aliyefunzwa kwao."

Watu wakacheka tena. Mzee Tamekichi hakucheka. Aliitazama mikono yake kwa jicho la mzazi aliyeaibishwa na mtoto ugenini, akaificha ndani ya mikono mipana ya vazi lake na kuomba radhi, kwanza kwa dairekta, kisha kwa mpiga picha, kisha kwa kila aliyekuwa karibu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, ingawa mle ndani usingeweza kujua. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya mtengeneza pombe ya mchele huko Yamagata, na theluji ilikuwa imeipanda hadi kimo cha madirisha. Madirisha yenyewe yalizibwa kwa vitambaa vyeusi ili asubuhi ifanane na magharibi. Jiko la mafuta ya taa lilizimwa kila walipopiga picha kwa sababu ya ngurumo yake, kwa hiyo kila mtu alitetemeka, ila Bi Shizue, marehemu mtarajiwa, alikuwa amefichiwa chupa mbili za maji ya moto ndani ya nguo zake.

Filamu yenyewe haikuwa ya popo na mayowe. Manami, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kujutia hasira zake, aliiandika peke yake kwa miaka sita. Mnyonya damu anaishi na mjane katika nyumba moja kwa miaka thelathini. Kila asubuhi mjane anamnyooshea mkono, yeye anakunywa kidogo, halafu wanakaa wakisikiliza redio. Hakuna anayemfukuza wala kumtundikia kitunguu saumu mlangoni. Mwishowe mjane amezeeka, damu imebaki kidogo, anaamua kumwachia shingo. Anainywa yote, anafuta mdomo, anaondoka. Hapo ndipo filamu inapoishia, na hapo ndipo Mzee Tamekichi alipokwama.

Alikuwa na miaka sabini na tisa. Maisha yake yote kwenye filamu alikuwa ni maiti wa tatu kutoka kushoto, au mzee anayesukuma mkokoteni nyuma ya waigizaji wenye majina. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa uso. Kwa kuwa hakubakiwa na jino lake hata moja, kila asubuhi alivua meno ya bandia ya daktari na kuvaa meno ya bandia ya filamu, akiwaambia watu wa vipodozi kwamba hajawahi kusikia mdomo mmoja ukisema uongo mara mbili kwa siku.

Manami alimshika kiwiko akampeleka jikoni.

"Mzee, nikuulize bila kukuvunjia heshima. Hilo la mikono ni ugonjwa au ni ubishi?"

"Ni mazoea, dairekta. Niwie radhi."

"Mazoea hata mimi ninayo. Lakini huyu mtu unayemcheza hana. Meno hayamtishi mtu siku hizi, watoto wanayachezea. Kinachotisha ni mtu kula kwa mwenzake mpaka mwenzake akaisha, halafu akainuka na kwenda zake bila hata asante. Hiyo ndiyo filamu yangu. Ukikutanisha viganja umemfanya mtu mwema, na aliyekaa sinemani anarudi nyumbani analala fofofo."

"Watu kama hao wapo kweli?"

"Wamejaa tele!" Manami alicheka bila furaha. "Unaona ile kimono aliyovaa Bi Shizue? Ya bibi yangu. Alinilea tangu nina miaka minne, akauza mashamba ili nikasome Tokyo, na mara ya mwisho aliponipigia simu nilimwambia nina kazi. Nimewatuma watu wa mavazi wanitafutie nyingine inayofanana, hakuna. Ni hiyo hiyo moja. Ikiingia damu, imeingia. Na nyumba tunairudisha kesho."

"Kwa hiyo ni mara moja tu."

"Mara moja. Na kwa kweli, mzee, naogopa. Ukinikutanishia viganja tena kabla ya kung'ata, nampa Ueno wigi jeupe akae mahali pako, nampiga picha kutoka mgongoni. Sitaki kufanya hivyo. Nitafanya."

Akarudi chumbani kwa hatua za haraka, na muda si mrefu sauti yake ilisikika ikimgombeza mtu asiyehusika.

Mzee Tamekichi alibaki jikoni. Dairekta alidhani anamweleza habari za mnyonya damu wa kubuni. Kumbe alikuwa anamsomea mwigizaji wake maisha yake mwenyewe, mstari kwa mstari.

Kwa sababu kulikuwa na majira ya baridi ya mwaka sitini na saba. Yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili katika kundi la maigizo lililozunguka miji ya chemchemi za maji ya moto, kijana mwenye sura nzuri na kiburi kilichozidi sura. Mapafu yakamshika. Kiongozi wa kundi akasema asiyepanda jukwaani hali, akamlaza katika stoo ya mavazi. Hapo angekufa, na asingekuwa wa kwanza. Lakini kila asubuhi chini ya mlango kulisukumwa donge la wali lililofungwa kwenye jani. Asubuhi ya kwanza alichungulia ufa wa mlango akaona kisigino cha Shizue kinaondoka mbio. Shizue alikuwa na miaka kumi na tisa, mchezaji mdogo kabisa wa kundi, na mgawo wake wa chakula ulikuwa mdogo kuliko wote.

Siku arobaini alimletea. Siku arobaini alikula, na hakusema kitu. Angeshukuru, ingekuwa amekiri kwamba yeye, kijana wa mbele jukwaani, analishwa kama paka. Walikutana kisimani akageuzia uso pembeni. Mapafu yalipopona akafunga mzigo wake, akaondoka alfajiri kwenda Osaka bila kumuaga mtu. Miaka saba baadaye alikutana na mpiga ngoma wao wa zamani, wakanywa, na katika mazungumzo mpiga ngoma akasema, unamkumbuka yule Shizue? Majira yale yale ulipougua alianguka jukwaani, amedhoofu huyo, amebaki mifupa. Nyonga ikavunjika. Mpaka leo anachechemea.

Usiku ule alipowekewa chakula, mikono ilipanda yenyewe. Tangu hapo haikuwahi kuacha. Mbele ya chai, mbele ya dawa ya kikohozi, hata mbele ya pipi aliyopewa na mtoto ndani ya treni, viganja vilikutana, vikishukuru kila mtu ulimwenguni isipokuwa yule mmoja.

Na ni Shizue huyo huyo aliyemwambia Manami, namjua mzee mmoja Osaka, anachochea moto kwenye nyumba ya kuogea, mtafute, uso wake ndio unaoutaka. Tamekichi aliipokea kazi ile kwa sababu moja tu, apate kumwambia neno lile kabla mmoja wao hajafa. Wiki tatu zilikuwa zimepita. Alikuwa amemnyonya damu ya mkono mara kumi na moja, amesikiliza naye redio, amekula naye meza moja, na neno lilikuwa bado limemkaa kooni.

Aliporudi chumbani alimkuta Ueno, mwigizaji wa kuruka na kuanguka badala ya wenzake, mtu wa makamo mwenye mabega mapana, amepiga magoti pale pake akijaribu. Wigi jeupe lilikuwa tayari kichwani. Aliinama juu ya shingo ya Bi Shizue vizuri kabisa, mikono imetulia mkekani, hana habari.

"Baba, sogea kidogo," Bi Shizue alimwambia. "Umekula vitunguu. Mumiani wangu hanuki vitunguu."

"Samahani, mama."

"Si kosa lako. Ila una haraka. Unaniinamia kama fundi bomba."

Mzee Tamekichi alihisi kitu kikimpanda kifuani, wivu mtupu, na hakuona haya kuuita kwa jina lake. Mtu mwingine ndiye angemwinamia Shizue mara ya mwisho. Mtu asiyemdai wala asiyedaiwa neno naye. Alimwambia Ueno ahsante, baba, niachie, naye Ueno akampisha, akavua wigi na kumpigia saluti.

Akapiga magoti. Mguu mbovu wa Bi Shizue ulikuwa umelala upande, haunyooki, na watu wa mavazi walikuwa wameufunika kwa pindo la kimono ili usionekane kwenye picha.

"Shizu," akasema kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Hapana. Basi."

"Wiki tatu sasa unaniita halafu unasema basi. Mimi nina miaka sabini na sita, Tame. Ukiwa na neno sema, huna neno ning'ate, mgongo unaniuma."

"Tayari?" Manami akauliza. Jiko likazimwa. Kibao kikagongwa.

"Anza."

Safari hii Mzee Tamekichi alizikamata kingo za mkeka kwa vidole vyote kumi, kulia na kushoto kwa Shizue, akazibana hadi vidole vikawa vyeupe. Mikono ilitaka kupanda. Aliisikia ikivuta, akaikandamiza. Akainama.

Shingo ilikuwa ya joto. Ilinuka kafuri ya sandukuni na krimu ya bei rahisi, na chini ya ngozi mshipa ulikuwa ukipiga taratibu bila wasiwasi, mshipa wa mtu aliyekwisha amua. Akang'ata. Mahali fulani nyuma mtu akaminya pampu, na damu ya sukari ikamjaa mdomoni, ikatiririka kwenye ukosi wa bibi yake Manami, ikaenea kwenye hariri ile polepole. Bi Shizue akatoa sauti ambayo haikuwamo kwenye mazoezi yoyote, pumzi ndogo ya mtu anayeshushwa mzigo. Mzee akanywa. Alikunywa kwa sauti. Akasikia koo lake mwenyewe likigugumia na akatambua kwa hofu kubwa kwamba ana njaa kweli, njaa ya kijana wa stoo, na kwamba hangeacha hata kama angeambiwa. Mwanamke mmoja wa vipodozi aligeuka akautazama ukuta.

Mkono wa Bi Shizue uliteleza kifuani ukaanguka. Amekufa.

Mzee alinyanyuka kama ilivyoandikwa. Akafuta mdomo kwa mkono wa vazi. Akaenda hadi mlangoni hatua sita, akasukuma mlango wa karatasi, na weupe wa theluji ukaingia. Ilibaki kutoka tu. Mikono ilikuwa imetulia kandokando ya mwili, imeshindwa, na Manami nyuma ya kioo chake cha kutazamia picha alikuwa amekunja ngumi kwa furaha.

Ndipo Mzee Tamekichi alipogeuka. Hakupanga. Alikuwa ameilinda mikono kwa nguvu zake zote na hakubakiwa na nguvu ya kuulinda ulimi.

"Nashukuru," akasema, na haikuwa sauti ya mnyonya damu tena, ilikuwa sauti ya mzee wa Osaka anayechochea moto. "Nimekula. Nimeshiba."

Na kutoka mkekani, kwenye midomo ya mwanamke aliyekufa, macho yamefumbwa, damu imemjaa kifuani, likaja jibu ambalo kila mwenye nyumba huko Japani humpa mgeni anayeinuka mezani pake, jibu linalotoka lenyewe kabla mtu hajafikiri.

"Kilikuwa kidogo tu. Niwie radhi."

Hakuna aliyesema kata. Fundi wa sauti alivua vifaa vyake masikioni akavivaa tena. Theluji ilisikika ikidondoka kutoka paani. Mwishowe Manami akasema 'kata' kwa sauti ndogo mno hivi kwamba mpiga picha alilazimika kuuliza kama amelisema.

"Maneno hayo hayamo kwenye mswada," akasema.

"Hayamo," akakubali Mzee Tamekichi. Alikuwa bado amesimama mlangoni. "Niwie radhi, dairekta. Nimekuharibia. Na nguo ya bibi yako."

Manami alikwenda akapiga magoti karibu na Bi Shizue, akaushika ule ukosi uliolowa. "Na wewe mama, umeshakufa. Unajibu nini?"

"Mtu ashukuru chakula halafu nimnyamazie?" Bi Shizue alifumbua jicho moja. "Hata kufa kuna adabu zake."

Manami akacheka. Kicheko kikakatika katikati kikawa kilio, kilio cha wazi, pua na macho, mbele ya wafanyakazi wake wote, hali ameushikilia ukosi wa bibi yake. Bi Shizue alimpigapiga mgongoni kwa mkono wenye damu, akamchafua sweta. Manami alipotulia alijifuta akasimama.

"Yanabaki," akasema. "Miaka sita nilidhani cha kutisha ni yeye kutoshukuru. Kumbe cha kutisha ni huyu hapa, ameisha kabisa, halafu anaomba radhi kwamba kilikuwa kidogo. Yanabaki yote. Fungueni madirisha, washeni jiko, watu wale."

Vitambaa vyeusi vikateremshwa na mwanga ukajaa chumbani. Watu walitoka kwenda kuchukua visanduku vyao vya chakula. Mzee Tamekichi alirudi mkekani, akakaa kando ya Bi Shizue. Alivua meno ya filamu, akayafunga kwenye leso, na kwa kuwa ya daktari yalikuwa mbali, alizungumza kibogoyo.

"Shizu. Yale madonge ya wali..."

"Najua ulikuwa unayasemea hayo. Unanidhania mjinga?"

"Ulijua?"

"Nilikutafutia kazi hii uje uyaseme. Umenichelewesha wiki tatu nzima, na kila siku nang'atwa."

Machozi yalikuwa yakimshuka yakichora mistari kwenye rangi ya majivu, naye aliyaacha. "Na mguu wako," akasema. "Mpiga ngoma aliniambia ni njaa."

"Njaa ilikuwepo. Na barafu ilikuwepo jukwaani. Chagua sababu unayoitaka, mimi nilishachagua yangu zamani." Akajiinua kwa kiwiko, naye akamsaidia kukaa. "Nimefurahi, Tame. Sikudanganyi, nimefurahi sana. Nilikuwa nikiamka saa kumi na moja kuyafinyanga yale, mikono imekufa ganzi, nikijiuliza kama yule mjivuni anayala au anawapa panya."

"Niliyala. Mpaka jani nililiramba."

"Haya basi, niambie. Miaka hamsini na saba nangoja mtu aniambie. Yalikuwaje?"

Mzee Tamekichi alikuwa na maneno ya kujibu swali hilo. Alikuwa ameyaandaa mbele ya tanuru la nyumba ya kuogea kwa miaka mingi, maneno mazuri, mengine yanakaribia kuwa shairi. Aliutazama uso wake, damu ya sukari imemgandia kidevuni, anangoja kwa hamu kama mpishi, na maneno yote yale yakamwishia.

"Chumvi ilizidi," akasema.

Bi Shizue alimsogelea. "Yote arobaini?"

"Yote."

Alicheka hadi akashika ubavu, na watu walioko jikoni wakachungulia kuona marehemu amepatwa na nini. Kisha akamzaba Tamekichi kofi la bega, kofi zito, lililoacha alama nyekundu ya vidole vitano kwenye vazi lake.

"Ungesema siku ya kwanza," akasema, "ningepunguza."